Kula Ludlow na wazazi: chagua siku kwanza, meza baadaye

Swali la msomaji anayeishi Birmingham: Wazazi wangu wanakuja kutoka Tanga mwezi wa Septemba. Nataka mimi na mwenzangu tushinde nao siku moja Ludlow, maana nimesoma kuwa ni mji mkongwe wa soko wenye migahawa ya nyota za Michelin. Baba hali nguruwe na hagusi pombe, mama magoti yanamsumbua, na tutakuwa na mtoto wa miaka mitatu. Tule wapi, twende siku gani, na nitenge kiasi gani?

Jibu:

Tuanze na habari ya nyota, zile ambazo mwongozo wa Michelin huipa migahawa bora, kwa sababu inawapotosha wengi. Ilikuwa kweli, ila wakati wake umepita. Kuanzia miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ludlow, mji wa watu wapatao 10,000 tu katika kaunti ya Shropshire, karibu na mpaka wa Wales, ulikuwa na migahawa kadhaa yenye nyota kwa wakati mmoja. Shaun Hill alikuwa akipika The Merchant House. Claude Bosi alifungua Hibiscus katika mtaa wa Corve Street mwaka 2000, na kufikia 2004 alikuwa na nyota 2. Chini ya ngome, kando ya mto Teme, palikuwa na Mr Underhill's. The Merchant House ilifungwa 2005, Hibiscus ikahamia London 2007, na Mr Underhill's ikafunga milango 2015. Makala za safari zimeendelea kunakiliana habari ile ile, ndiyo maana umeikuta. Usiwaahidi wazazi chakula cha nyota. Waahidi chakula kizuri, nacho kipo.

Kipo kwa sababu kilichowavuta wapishi wale bado hakijaondoka: mabucha ya kifamilia katikati ya mji, mkate unaookwa hapo hapo, jibini za Shropshire na Herefordshire, kondoo wa vilima vya mpakani, na soko la wazi mbele ya lango la ngome. Tamasha la chakula lililoanza 1995 bado hufanyika ndani ya kuta za ngome hiyo. Ukienda ukitafuta jina la mgahawa mmoja maarufu, utarudi umekula vizuri kidogo na umelipa sana. Ukienda kwa kufuata siku na saa za mji, mtakula vizuri tangu asubuhi.

Basi siku. Soko la Castle Square, uwanja wa mbele ya ngome, hufanyika Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Mbali na hilo, kila Alhamisi ya 2 na ya 4 ya mwezi, uwanja ule ule huwa na soko la wakulima na watengenezaji wa karibu na mji: mwenye jibini ndiye aliyekamua maziwa, mwenye asali ndiye mwenye mizinga. Jumapili ya 1 na ya 3 ni vitu vya zamani, vyombo na fanicha, kwa mwenye njaa hapana kitu. Jumanne ni siku ya kuepuka kabisa: hakuna soko, na migahawa mingi ya mji mdogo Uingereza hufunga Jumatatu na Jumanne ili wapishi wapumzike baada ya kazi ya wikendi.

Wengi wangekwambia uende Ijumaa au Jumamosi. Kwa familia yako siafiki. Ijumaa mzee atataka swala, na Ludlow usitegemee kupata msikiti. Jumamosi maegesho hujaa mapema na meza nzuri huwa zimeshachukuliwa wiki mbili kabla. Tamasha lenyewe kwa kawaida huangukia wikendi ya 2 ya Septemba: viingilio vya tiketi, watu kusimama kwenye foleni juu ya nyasi na mawe yasiyo sawa, na shughuli yake mashuhuri kuliko zote ni msafara wa kuonja soseji za nguruwe za mabucha mbalimbali. Kwa mzee wako haufai, na kwa magoti ya mama haufai zaidi. Nendeni Alhamisi ya 4 ya Septemba. Soko la wazalishaji lipo, jikoni za migahawa ziko wazi, mji umetulia. Na mwezi wenyewe ni mzuri kwa meza: kondoo wa vilimani wameshanenepa, matofaa yanachumwa, na ni msimu wa Shropshire Prune, aina ya plamu ndogo nyeusi kama zambarau, chachu, ambazo hapo hutengenezwa jemu isiyopatikana kirahisi mahali pengine. Nunua chupa mbili, moja irudi Tanga.

Sasa saa. Ludlow ni mji wa kula mchana. Jikoni za chakula cha mchana hufunguliwa saa 6 na nyingi huacha kupokea oda kati ya saa 8 na saa 8:30. Hapo ndipo wageni wengi kutoka kwetu hukwama. Hufika saa 8:40 wakidhani wamewahi, wanakuta mpishi ameshazima majiko, na hapatapikwa tena mpaka saa 12 jioni. Mlango kuwa wazi na watu kuwa ndani wanakunywa hakumaanishi jikoni inafanya kazi. Mikahawa ya chai nayo hufunga mapema, wengi wao kuanzia saa 10 jioni, na keki zinaanza kuisha saa moja kabla. Chakula cha jioni kipo, lakini migahawa mizuri zaidi hukitoa kwa bei ya jumla na sahani nyingi ndogo zinazofuatana kwa saa mbili au zaidi. Kumkalisha mtoto wa miaka mitatu saa mbili mezani ni adhabu kwenu na kwa meza ya jirani. Chakula kikuu kiwe cha mchana, na meza iwekwe ya saa 6:30. Ukiweka kwa simu kumbuka wao wanahesabu saa kwa mtindo wao, hiyo kwao ni 12:30.

Namna ya kufika. Kwa treni kutoka Birmingham kwa kawaida unabadilisha Shrewsbury, na stesheni ya Ludlow iko bondeni: kutoka hapo mpaka Castle Square ni kama dakika 10 za kupanda kwa mtu mwenye magoti mazima. Kwa gari ni kama maili 40, kupitia Kidderminster kisha barabara ya A4117 inayopanda Clee Hill. Tenga saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Kwa ajili ya mama chukua gari, ulenge maegesho ya Castle Street, ambayo yako karibu kabisa na uwanja wa soko. Ni ghali kuliko ya Galdeford, lakini kule kuna mwendo. Fika kabla ya saa 4:30 asubuhi.

Umbo la mji ndilo litakaloamua mama atakula wapi, kwa hiyo nilieleze vizuri. Ngome ilijengwa mwishoni mwa karne ya 11 kwenye ukingo wa kilima, na mji ukapangwa mbele yake juu ya mgongo wa kilima hicho. Castle Square, High Street, King Street, Church Street na Harp Lane ziko juu, karibu usawa mmoja, na ukubwa wake ni wa kuzunguka taratibu. Kila mtaa unaotoka hapo huteremka: Broad Street hushuka mpaka Broadgate, lango pekee lililosalia kati ya malango 7 ya mji, kisha daraja la Ludford. Mill Street na njia ya Dinham nazo hushuka mtoni. Kushuka Broad Street ni raha, nyumba zake ni miongoni mwa nzuri za aina hiyo Uingereza nzima. Kurudi ndiko kutakakomtesa mama. Mwonyeshe mtaa huo kutoka juu, penye jengo la Buttercross la miaka ya 1740, kisha kama mnakula mtoni, mteremke kwa gari.

Kwa hiyo mna njia mbili za chakula cha mchana, na zote nazipenda.

Ya kwanza ni kujinunulia na kula nje, na kwa mzee asiyependa kukaa penye pombe hii ndiyo nitakayoitanguliza. Anza na duka la mikate la S. C. Price & Sons, Castle Street, unaotazamana na soko. Chukua mkate mmoja wa unga uliochachushwa polepole, ule wenye ganda gumu. Watu wazima wanne na mtoto mkate wa gramu 800 unatosha na kubaki. Kisha pita duka la jibini la The Mousetrap, Church Street. Usiombe jibini kwa jina tu. Omba kuonja, ndiyo desturi, hakuna atakayekununia. Muuzaji atakwangua kipande chembamba kwa kisu na kukupa juu ya karatasi. Kisubiri ulimini kipate joto, jibini ikiwa baridi haina ladha. Shropshire Blue huwavutia wageni kwa rangi yake ya machungwa iliyopitiwa na mishipa ya kijani-buluu. Rangi ni ya mbegu za anato, na licha ya jina lake ilianzia Inverness, Uskoti, miaka ya 1970. Kwa wazazi wasiozoea jibini zenye ukungu, ile ni kali. Waanzishie Cheshire ya shamba la Appleby, inayotengenezwa kaskazini mwa Shropshire kwa maziwa yasiyochemshwa: inavunjikavunjika, ina uchachu wa mtindi, na hiyo mtu wa pwani anaielewa mara moja. Gramu 150 za kila aina, aina 3, zinatosha. Muulize muuzaji kimeng'enya kilichogandisha maziwa ni cha mnyama au si cha mnyama. Anajua, kwa sababu walaji mboga wa Uingereza humwuliza kila siku.

Sokoni ongeza matofaa, nyanya, jemu na juisi ya tofaa. Hapo weka akili. Chupa iliyoandikwa cider nchini Uingereza ni pombe, ya tofaa, na huuzwa kando ya juisi yenyewe katika chupa zinazofanana. Perry ni hivyo hivyo, ila ya peasi. Herefordshire jirani ni nchi ya vinywaji hivi, kwa hiyo utavikuta kila meza. Juisi imeandikwa apple juice. Ginger beer kwa kawaida haina kilevi, lakini zipo zenye kilevi, soma asilimia nyuma ya chupa. Na pai. Pai ya fahari ya Shropshire inaitwa fidget pie, ndani yake ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa, matofaa na vitunguu. Mzee asiguse. Pai ya jibini na vitunguu inaonekana salama, lakini ganda lake huweza kukandwa kwa mafuta ya nguruwe, ambayo kwenye lebo huandikwa lard. Vyakula vilivyofungwa dukani kwa ajili ya kuuzwa hapo hapo, tangu Oktoba 2021, sheria inataka viwe na orodha kamili ya viungo. Soma lebo, usikisie.

Kula mahali pawili panafaa. Benchi za Castle Square ni karibu na gari. Pazuri zaidi ni Millennium Green, Dinham, chini ya ngome, kando ya bwawa la mto: maji yanamwagika juu ya ukingo wa mawe kwa sauti ya kutosha kumtuliza mtoto, na kuta za ngome ziko juu yenu. Hapo hapo, katika jengo la kinu cha zamani, upo mkahawa wa The Green Café, ambao kwa miaka mingi umepika chakula cha mchana cha msimu kwa orodha fupi. Kama mvua inanyesha, huo ndio mpango wa akiba, ila ni mdogo: hakikisha kwanza kwamba bado uko wazi, kisha weka meza mapema.

Njia ya pili ni meza ya mchana kwenye baa nzuri ya Kiingereza. Mweleze mzee kabla hamjatoka nyumbani, si mlangoni. Baa ya mji kama huu si baa ya kwetu ya muziki na chupa mezani: ni mahali ambapo bibi na wajukuu hula mchana, na nyingi zina chumba cha chakula kilichotengwa. Wakati wa kuweka nafasi omba chumba hicho, si eneo la kaunta. Hata hivyo pombe inauzwa, na meza ya jirani itakuwa na glasi ya mvinyo. Kama hilo litamnyima raha, heshimu, rudini kwenye njia ya kwanza.

Kama hana neno, nendeni The Charlton Arms, upande wa pili wa daraja la Ludford. Cedric Bosi, ndugu yake Claude wa Hibiscus, aliichukua baada ya mgahawa ule kuhama, na hilo ni mojawapo ya mafungamano machache ya moja kwa moja kati ya Ludlow ya nyota na Ludlow ya leo. Ina maegesho yake, kwa hiyo mama hapandi wala hashuki mlima. Omba meza ya dirishani upande wa mto, au ya barazani kama kuna jua.

Taratibu za ndani hutofautiana. Mahali penye huduma ya mezani, mhudumu huja. Baa nyingine mtu huenda kaunta mwenyewe: unatazama namba iliyopigwa au kubandikwa mezani, unaagiza kwa kutaja namba hiyo, unalipa kabla, chakula kinaletwa. Watu hukaa dakika 30 wakisubiri mhudumu asiyekuja kwa sababu hawakuuliza. Uliza unapoingia. Maji ya bomba ni bure: sehemu yenye leseni ya kuuza pombe inawajibika kisheria kukupa, na maji ya Shropshire ni mazuri. Ukisema maji tu bila kutaja ya bomba, unaweza kuletewa ya chupa, na chupa ina bei.

Sasa jikoni, maana hapa ndipo penye swali lako la kweli. Nyama ya Ludlow ni bora, lakini ichukulie kuwa si halali mpaka uhakikishiwe. Kauli ya nadhani ni halali isiyo na cheti wala jina la msambazaji haina uzito. Kuhusu nyama ya Ahlul-Kitab, yaani Wakristo na Wayahudi, kila mtu ana msimamo wa madhehebu yake na mzee wako anaujua wake. Mimi naongelea sufuria. Kinachofanya chakula cha Kiingereza kiwe kigumu kwa asiyekula nguruwe si kipande cha nyama kinachoonekana, ni kile kinachopikiwa ndani yake. Supu ya dengu au njegere mara nyingi huanzia kwenye mchuzi wa mifupa ya ham. Kabichi na njegere za pembeni huweza kukaangwa pamoja na vipande vidogo vya bacon. Viazi vya kuoka huokwa kwa mafuta ya ng'ombe au bata bukini. Mchuzi mzito wa kahawia unaomiminwa juu ya nyama mara nyingi umetiwa mvinyo na hutengenezwa asubuhi katika sufuria moja kubwa, kwa hiyo ukiomba uwekewe usio na mvinyo saa 7 mchana, mpishi hawezi, hata kama anataka. Kome hupikwa kwa mvinyo mweupe au cider. Wali wa risotto vivyo hivyo. Kwenye peremende na vitamu, trifle ina mvinyo wa sheri, panna cotta na jeli zina jelatini ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Pudding ya sticky toffee, ya tende na sukari ya kuungua, kwa kawaida haina tatizo, na kwa mtu aliyekulia kwenye tende na kashata, ndiyo nitakayomwagizia.

Majina yatakayomficha nguruwe kwenye orodha ni haya: gammon, ham, bacon, pancetta, prosciutto, lardon, chorizo, crackling, chipolata, black pudding. Neno sausage peke yake Uingereza maana yake nguruwe. Suet ni mafuta ya figo, mara nyingi ya ng'ombe. Dripping ni mafuta yaliyoyeyuka ya ng'ombe.

Njia salama ni samaki wa kuokwa au kukaangwa kwa siagi, na mboga za pembeni. Lakini samaki naye ana mitego miwili akija kama samaki na chipsi. Unga wa nje mara nyingi umechanganywa na bia, ndicho kinachoufanya upasuke kwa ukavu, na kikaango cha Midlands, eneo la kati la England, kinaweza kuwa na dripping badala ya mafuta ya mimea. Zaidi ya hapo, soseji zikikaangwa kikaango kile kile, mafuta ni hayo hayo. Piga simu siku 3 au 4 kabla, kati ya saa 9 na saa 11 jioni, wakati jikoni imetulia baada ya mchana. Ukipiga saa 7 mchana utajibiwa ndiyo ndiyo na mtu mwenye sahani mkononi. Uliza hivi, moja baada ya jingine: samaki anakaangwa kwa mafuta gani, na ni nini kingine kinaingia humo? Unga wake una bia? Kuna samaki anayeweza kupikwa kwenye kikaango safi kwa siagi, bila mvinyo kwenye sosi? Mboga za pembeni zina bacon? Omba waandike majibu kwenye nafasi yako ya meza, na siku ya siku mkumbushe mhudumu. Jikoni za Uingereza zinatakiwa kisheria kujua na kukwambia kuhusu vitu 14 vinavyowadhuru wenye mzio, kama karanga, ufuta, maziwa, kamba na kaa. Nguruwe na pombe havimo kwenye 14 hizo, kwa hiyo usitegemee kitabu cha mzio mezani kikujibie. Lazima uulize.

Mwandae mzee pia kuhusu ladha. Samaki atakuwa mweupe, laini, bila mifupa, bila ndimu ya kutosha na bila pilipili. Mtu wa Tanga ataona amepewa chakula cha mgonjwa. Dawa ipo mezani, ila lazima iombwe: haradali ya Kiingereza, ambayo ukali wake hupanda puani badala ya kukaa ulimini, nusu kijiko cha chai kinatosha, horseradish, mzizi uliokunwa wenye ukali wa aina hiyo hiyo, siki ya kimea kwa chipsi, na vipande vya limau vya ziada. Chumvi onja kwanza.

Chai msiikose, na hii ni zamu ya mama. Pembeni ya lango la ngome, ndani ya Castle House, kuna chumba cha chai ambacho hakihitaji kupanda kilima kutoka uwanjani. Msije na wazo la skonzi za Nairobi. Hizi ni nene, fupi, zenye siagi, huliwa vuguvugu. Zinakuja 2 kwa mtu, na jemu na krimu nzito iliyoganda. Zigawanywe kwa mkono, si kwa kisu, ndani ibaki na vishimo vya kushikilia jemu. Agizeni sahani 2 kwa watu wazima wanne. Tofautisha hii na chai kubwa ya alasiri inayokuja kwa ngazi za sahani na sandwichi: ile huwekwa nafasi siku moja au mbili kabla, na sandwichi yake mojawapo karibu kila mara ni ya ham. Chai yenyewe huletwa ya birika na maziwa baridi pembeni, haikuchemshwa na maziwa wala haina tangawizi. Waambie waongeze majani ya chai, mwache dakika 5.

Fedha. Kwa chakula cha kujinunulia kama nilivyoeleza, pauni 35 hadi 45 kwa wote. Kwa baa nzuri, sahani kuu ya mchana ni kati ya pauni 16 na 24 kwa mtu, nusu ya hapo kwa mtoto. Pamoja na vinywaji na vitamu viwili vya kugawana, tenga pauni 120 hadi 140. Chai na skonzi, pauni 8 hadi 11 kwa sahani. Bei za orodha zimeshajumlisha kodi. Bili ikiwa na ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10 au 12.5, hiyo ndiyo bakshishi, usitoe mara mbili, na ni hiari: huduma ikiwa mbaya unaweza kuomba iondolewe. Tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote. Sokoni beba noti na sarafu za pauni 30, si kila meza inachukua kadi. Ukiweka nafasi mtandaoni unaweza kuombwa namba ya kadi. Soma mistari midogo uone mwisho wa kughairi ni lini, kwa kawaida saa 24 au 48 kabla, kwa sababu ukizembea unakatwa kwa kila kichwa. Taja kiti cha mtoto wakati huo huo, vipo vichache.

Karatasi ya kijani na nyeusi yenye namba 0 hadi 5 dirishani ni alama ya usafi ya halmashauri. Wales wanalazimika kuibandika, England hawalazimiki, kwa hiyo mahali pasipo na karatasi angalia alama yake kwenye tovuti ya serikali kabla ya kuweka nafasi. Chini ya 4 mimi siwapeleki wazazi.

Kama ratiba zenu zinawalazimisha Jumapili, chakula ni rosti tu: nyama ya kuoka, viazi, mboga, Yorkshire pudding (andazi la kuoka la unga, mayai na maziwa) na mchuzi, kuanzia saa 6 mpaka saa 9 au 10 jioni, na baada ya hapo jikoni hufungwa. Kwa masharti ya mzee, rosti ndiyo sahani ngumu kuliko zote, kwa maana mafuta ya nyama yako ndani ya kila kitu, hata Yorkshire pudding huokwa kwa dripping inayotoa moshi. Ataishia na karoti. Usiende Jumapili.

Ondokeni Ludlow saa 10:30 jioni, muwahi kushuka Clee Hill kabla ya giza, kisha chakula cha usiku muwe nacho Birmingham, Ladypool Road au Stratford Road. Huko ndiko balti, aina ya mchuzi wa kari, ilikozaliwa miaka ya 1970, hupikwa kwa moto mkali katika karai nyembamba la chuma na kuletwa mezani ndani ya karai hilo hilo. Nyama ni halali, wengi hawauzi pombe kabisa, na mkate wa naan wa familia unafunika nusu ya meza. Mzee aliyeshinda na samaki wa siagi atapata pilipili yake hapo. Weka meza ya saa 1:30 usiku, na ile ya Ludlow ya mchana uiweke leo, maana meza za dirishani upande wa mto ni chache.